Mawe Yaliyowekwa Kando ya Mlango

Kuna watu waliozaliwa na hasira ya mfukoni, ya kutoa ikihitajika na kurudisha. Pilipili alizaliwa na ya gunia zima, na gunia lenyewe halina kamba. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika hata na wazazi wenyewe. Alipokuwa darasa la nne mwalimu alimchapa kwa kosa la mwenzake, naye akaokota chaki mezani akamrushia mwalimu usoni. Tangu siku hiyo ni Pilipili. Sasa ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili na bado hajapoa.

Jumanne hiyo alirudi kutoka kilimani saa sita mchana, jua la utosi, daftari la vipimo kwapani na njaa tumboni. Kabla hajaingia ndani alisikia kutoka uani ko, ko, ko, kimya kidogo, kisha ko, ko, ko tena. Sauti hiyo ameisikia tangu akiwa tumboni, maana mama yake aligonga mawe mpaka wiki ya kujifungua, kwa hiyo haikumshtua. Alipita mlangoni, akaweka daftari mezani, akachota maji mtungini. Kikombe kikiwa mdomoni ndipo alipogeuka akaona kwamba kando ya mlango hapana kitu.

Jana yake jioni, pale pale, alikuwa ameshusha kutoka kwenye toroli mawe mawili ya kusagia yaliyofungwa ndani ya gunia. Hayakuwa ya mteja. Wenyewe walikufa zamani ambazo hakuna ukoo unaozikumbuka, na kile walichokiacha juu ya mawe hayo kilikuwa kinasubiriwa na kamati nzima siku ya Alhamisi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya kilima kinachotazamana na nyumba yao kuna mawe arobaini na moja yaliyosimamishwa kwa mistari mitatu, mengine marefu kumpita mtu mzima. Yanaanzia ukingoni mwa chimbo mpaka kileleni, yamenyooka utadhani mtu alivuta kamba. Chini ya mistari hiyo ndipo lilipo chimbo la kale. Mwamba wa kijivu umejaa mawe ya kusagia yaliyochongwa nusu yakaachwa, yametuna juu ya mwamba kama vifungo vya koti. Ukoo wa Pilipili ulikuwa unatoa mawe upande wa pili wa mwamba huohuo, kwa namna ileile: unachora duara, unagonga mfereji kulizunguka, unachomeka kabari za mti mkavu, unazimwagia maji zivimbe, unakwenda zako kulala. Asubuhi unakuta jiwe limejitenga. Mashine za kusaga zilikuwa zimekula nusu ya wateja, lakini nusu iliyobaki iliwalisha. Walikuwapo wasaga karanga, wasaga dawa, wafinyanzi wanaosaga rangi, na wanawake ambao ukiwatajia mashine wanakusonya.

Sasa kampuni ya kokoto iliutaka mwamba huo, wote, kwa baruti. Ilikuwa na kibali cha awali na ilikuwa na wakili. Aliyesimama njiani ni mtu mmoja tu, mtafiti wa mambo ya kale, mwanamama mrefu ambaye watu walimwita Daktari Brashi, kwa sababu kwa miezi minane alipiga magoti kilimani akisugua vumbi kwa brashi ambayo mwenzake angepakia rangi dirisha. Pilipili ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Wakili alikuwa ameshasema kwamba mistari ile huenda ni ya kale, haya, lakini chimbo ni la juzi, la akina babu, na viwili hivyo havihusiani. Kisha wiki iliyopita Daktari alichimba kwenye mguu wa jiwe moja la mstari wa kati akakuta limekazwa kwa mawe mawili ya kusagia yaliyolika, pamoja na mtoto wake, lile jiwe dogo la kushika mkononi. Maana yake waliosimamisha mistari ndio walewale waliochonga chimboni. Na kwenye vitundu vya mawe hayo kulikuwa na chembe za unga wa wakati huo, ambazo maabara ingezisoma umri. Kamati iliyokuwa inaamua kibali hicho ikasema, leteni mawe Alhamisi, tukiridhika tutasimamisha kibali mpaka majibu yatoke.

Jumatatu mvua ikavuja kwenye ghala la utafiti, chumba cha kupanga chenye mlango wa bati na kufuli la maana, maji yakawa yanatiririka juu ya rafu. Daktari alikuwa anakwenda mjini kufuata masanduku ya maabara. Akamwomba Pilipili ayahifadhi yale matatu nyumbani kwake mpaka Jumatano, na akamsisitizia kwamba nyuso zake zisiguswe hata kwa kidole. Pilipili akayapeleka kwa toroli. Lile dogo alilibakiza kwenye mkoba, akausukuma mkoba chini ya kitanda. Yale makubwa yalikuwa mazito na mgongo ulishalalamika, akayaacha kando ya mlango.

Mtu mwingine yeyote angekuwa salama. Fundi viatu angeyaacha kando ya mlango wake, mwalimu angeyaacha, na yangelala pale hadi Jumatano bila kuulizwa jina. Lakini ile ni nyumba ya wagonga mawe. Jiwe la kusagia likitumika miezi kadhaa linalainika, linateleza, linapaka nafaka badala ya kuisaga, na mwenye nalo hulileta ligongwe uso upya. Wateja huja alfajiri wakiwa njiani kwenda kwenye shughuli zao. Hawapigi hodi, wanaliweka kando ya mlango ndani ya gunia na kuondoka. Kilichowekwa pale ni kazi, hakiulizwi. Pilipili alilijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Alitoka uani mbio, kikombe bado mkononi. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, miguu ameinyoosha, jiwe la pili katikati ya mapaja, na mkononi ameshika jiwe jeusi la ukubwa wa ngumi analogongea. Kwao chuma hakigusi uso wa jiwe la kusagia, maana chuma kinapasua chembe za jiwe na mchanga unaishia kwenye unga wa watu. Jiwe hugongwa kwa jiwe. La kwanza alikuwa ameshalimaliza, amelisugua kwa mchanga na maji, ameliosha, halafu amesaga juu yake konzi mbili za pumba na kuzitupa, ili litoke vumbi la ndani kabisa. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu lakini vidole vyake havikuhitaji macho. Hakuwa amekisahau hata kitundu kimoja.

“Mwenyewe akija,” mama alisema bila kuinua kichwa, “mwambie aliyaacha mpaka yakawa kioo. Mtu anasagaje hapa? Ni aibu.”

Pilipili akafungua mdomo. Hasira ikaja yote kwa mpigo. Alimwambia mama yake kwamba ameua chimbo, ameua kilima, amechukua miezi minane ya watu wenye akili zao akaisugulia pumba. Alimwambia kwamba hayo si mawe ya fulani wala ya fulani, ni ushahidi, na kwamba mtoto mdogo angeona kwa macho kuwa hayafanani na takataka wanazoletewa kila siku. Majirani walitoka milangoni. Fundi baiskeli wa nyumba ya pili aliacha tairi likizunguka peke yake. Mama aliuliza mara mbili mawe ni ya nani, na alipoelewa aliliweka lile jiwe jeusi chini, taratibu, mbali na mguu. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Pilipili hakuishia.

“Hiyo mikono yako,” alisema, “heri ingekauka jana.”

Hilo si neno la kumwambia mzazi, hata mlevi akilitamka kesho yake hurudi kupiga magoti. Fundi baiskeli alirudi kwenye tairi lake, akaliinamia sana. Mama alivigeuza viganja vyake akavitazama, juu na chini, kama vile ameagizwa avikague.

“Nani aliyaweka mlangoni?” aliuliza.

Pilipili jibu alikuwa nalo, na kadiri alivyolimeza ndivyo alivyozidi kupanda mori. Aliyatia mawe kwenye toroli, akaupakia na mkoba wenye lile dogo, akaenda kuketi nje ya ghala la utafiti mpaka jua likazama, akiongea peke yake. Usiku huo alilala bila kumuaga mama, na asubuhi aliondoka bila kumwamkia.

Jumatano Daktari Brashi alirudi na masanduku yake meupe. Alipoona mawe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliyapapasa, akayanusa, akavua miwani, akakaa juu ya sanduku mojawapo akiwa na viatu vyake vya mjini kwenye tope la ghala. Kisha akauliza kuhusu lile dogo. Pilipili akalitoa mkobani, halijaguswa, vumbi lake bado liko vilevile. Daktari akavaa miwani tena, na rangi ikamrudia usoni.

Lile dogo peke yake lingetosha, alieleza. Ila kulikuwa na tatizo, na tatizo hilo lilikuwa lake yeye. Kwa sheria zao, kitu kilichochimbwa hakitoki ghalani bila kuandikwa, na kikitoka kulala nyumbani kwa mtu si ushahidi tena, ni jiwe kama mawe mengine. Hakuwa ameandika. Mvua ilikuwa inamnyeshea kichwani, gari linamsubiri, hakuandika. Wakijua kwamba makubwa yalilala kwa Pilipili, watauliza dogo lilikuwa wapi, na litatupwa pamoja na wenzake. Kwa hiyo yalikuwa ghalani muda wote. Na kama yalikuwa ghalani, aliyeyaharibu aliyafuata ghalani. Mtu fulani, alisema Daktari, akiangalia kufuli badala ya kumwangalia Pilipili. Mtu mzima, labda akili haiko sawa, aliingia mlango ulipokuwa umelegea kwa mvua. Hatashitakiwa, mimi mwenyewe nitaomba asishitakiwe.

Pilipili alielewa mtu fulani ni nani. Angeweza kusema hapana. Mtu huyu aliyerusha chaki kwa kuchapwa kosa la mwenzake, leo anaulizwa kama kosa lake abebeshwe mama yake, naye akasema sawa. Alijiambia ni kwa ajili ya kilima. Na kweli ilikuwa kwa ajili ya kilima. Lakini ndani kabisa, kule ambako mtu hapendi kujipekua, aliona pia kwamba mama anastahili kidogo, na wazo hilo lilimpa nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyomkera zaidi. Hata hivyo mama hatakuwapo. Nani atamwambia?

Mama alikuwapo. Alhamisi saa nne, kamati imeshakaa, feni moja inazunguka kwa kusuasua juu ya viti vya plastiki, mlango ukafunguliwa na fundi baiskeli akaingia amemshika mama mkono. Alimpakia kwenye baiskeli yake mwendo wa saa nzima. Mama alivaa gauni lake la kutokea na viatu vya kufunga. Alikuwa amemwambia fundi, ambaye habari za kikao alizisikia mtaani, kwamba anakwenda kuwaomba radhi wenye mawe, kwa kuwa mwanawe hasemi naye na hakuna mwingine wa kumfikishia. Akaketishwa kiti cha nyuma, mikono mapajani. Pilipili, aliyekuwa mstari wa mbele kando ya Daktari, aligeuka akamwona, akageuka tena haraka.

Wakili wa kampuni alikuwa kijana wa sauti ya upole, wa kukuuzia dawa ya kikohozi. Hakuwa na haraka. Alisimama mbele ya mwenyekiti, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja puani moja utosini, akaomba aruhusiwe kuligusa jiwe moja mezani. Akaligeuza kwenye mwanga. Kisha akaonyesha ukutani picha kubwa ya chimbo la kale, yale mawe yaliyotuna mwambani, alama za kugonga zikionekana moja moja. Akawauliza wajumbe kama wanaona tofauti. Wajumbe walisogea, wakainama, wakarudi kwenye viti vyao. Tofauti hawakuiona. Alama zilikuwa zilezile, upana uleule, mpangilio uleule wa kuzunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Na hizi za mezani, alisema wakili, ni za wiki hii, vumbi lake jeupe bado linatoka mkononi. Basi na za chimboni ni za karibuni. Kuna mtu yuko hai anayechonga namna hii, na chimbo ni lake.

Hapo ungecheka kama usingekuwa na la kulilia. Mikono ile ilikuwa imeshika kazi ya watu wa kale bila kupoteza pigo hata moja, na hiyo ndiyo iliyotumiwa kusema watu wa kale hawakuwapo.

Daktari Brashi akasimama, akasema kama walivyopanga. Mawe yalikuwa ghalani, mlango ulilegea kwa mvua, akaingia mama mmoja mzee wa jirani, ambaye aliwahi kuwa mgonga mawe na sasa akili zake zinakuja na kuondoka, akayachukua akayagonga upya. Alama za mezani ni zake, ndiyo, lakini za chimboni si zake. Jiwe dogo hakuliona, kwa hiyo lilibaki salama, na ndilo wanaloomba lipelekwe maabara. Alisema vizuri, bila kubabaika. Mwenyekiti aliandika, akauliza kama mama huyo anajulikana. Kabla Daktari hajajibu, fundi baiskeli, mtu mwema asiyejua lolote, akanyoosha kidole na kusema kwamba mama mwenyewe si huyu hapa, amekuja kuomba radhi.

Ukumbi mzima ukageuka.

“Mama,” mwenyekiti alisema, “ni kweli uliingia kwenye ghala la hawa?”

Mama alisimama kwa kushikilia kiti cha mbele. Alielekeza macho yake yenye ukungu kule sauti ya Daktari ilikotoka, kisha kwenye kisogo cha binti yake, ambacho hakikugeuka.

“Ni kweli,” alisema. “Niliingia.”

“Kwa nini, mama?”

“Uzee, mwanangu. Akili siku hizi inatoka kutembea bila kuniaga.”

Watu walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyomcheka bibi aliyevaa viatu kushoto kulia, na hata mwenyekiti alitabasamu huku akiandika. Mmoja wa wajumbe alimnong'oneza mwenzake jambo, wakacheka tena. Mama alisimama katikati ya kicheko hicho, mwanamke ambaye kwa miaka hamsini hakurudishiwa jiwe hata moja na mteja, akitikisa kichwa taratibu kama anayekubaliana nao. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kumgeukia karani na kumwambia aandike kwamba jiwe dogo lipelekwe maabara.

Laiti Pilipili angekaa pumzi moja zaidi. Hakukaa. Kiti chake cha plastiki kilianguka nyuma, na ile hasira ya tangu Jumanne, ya kwa mama na ya kwa nafsi yake, ikapata mlango.

“Mama yangu hana wazimu na hajavunja mlango wa mtu,” alisema. “Mawe niliyalaza mimi nyumbani kwetu. Niliyaweka kando ya mlango kwa mikono yangu hii, na kwetu jiwe likiwekwa kando ya mlango linagongwa. Mnayemcheka ni fundi. Wa kuchekwa ni mimi na huyu daktari, tuliokaa jana tukamgeuza mwizi.”

Aliendelea. Alimwambia mjumbe aliyenong'ona kwamba akanong'one kwao. Alimwambia mwenyekiti miwani mbili na bado haoni. Daktari Brashi alikuwa amemshika upindo wa gauni akiuvuta chini, akiuvuta kama anayefunga pazia, naye akaupokonya. Ilikuwa raha, kusema kweli. Siku tatu hakuwa amepumua vizuri, na sasa alipumua.

Wakili alingoja amalize. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na mvuvi wa siku hiyo alivaa tai.

“Pole sana, dada,” alisema. “Nimekuelewa. Yote matatu yalilala kwenu?”

“Yote.”

“Hata hili dogo?”

“Lilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kitanda, halijaguswa na…”

Mdomo ulishatangulia, akili ndiyo ilikuwa inafika. Wakili alimshukuru, akasema hana swali jingine, akakaa, akakunja miguu.

Kamati ilitoka nje kwa muda wa mtu kunywa chai. Iliporudi, mwenyekiti alisoma bila kumwangalia yeyote. Vitu vyote vitatu visihesabiwe. Mistari ya mawe yaliyosimama ihifadhiwe, izungushiwe uzio wa waya hatua ishirini kila upande, kwa kuwa ni kivutio. Chimbo, kwa kukosekana ushahidi wa kulihusisha na mistari hiyo, kampuni iendelee nalo kuanzia Jumatatu. Daktari Brashi alikusanya karatasi zake zikamwanguka, akaziokota, zikaanguka tena. Hakuna aliyemsaidia.

Mama alikataa kupanda baiskeli. Alisema atatembea, na fundi, ambaye alikuwa anakaribia kulia, akasukuma baiskeli yake akatangulia. Pilipili alimfuata mama nyuma hatua mbili tatu kwenye njia ya vumbi. Bado alikuwa amejaa ule ujasiri wa ukumbini, na alikuwa anangoja, tusifichane, kuambiwa ahsante. Walipofika mahali pasipo na watu alisema kwamba asingeweza kuvumilia kumwona akichekwa.

Mama alisimama. Pilipili alikuwa hajawahi kumwona mama yake amekasirika, si kweli kweli. Katika nyumba ile hasira ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Sasa aliiona, na haikupiga kelele hata kidogo.

“Ulifikiri sikuelewa?” mama alisema. “Nilielewa yule daktari alipotaja ghala. Nikapima. Huku jina langu, huku mwamba. Nikaweka jina chini. Lilikuwa langu, nina haki ya kuliweka chini. Mwenyekiti alishaanza kuandika.”

“Walikuwa wanakucheka, mama.”

“Wacheke. Kicheko kimewahi kupasua mwamba?” Alivuta pumzi. “Hukusimama kwa ajili yangu. Jumanne uliniambia mikono yangu ikauke, Jumatano ukaniuza, leo dhamiri imekuwasha ukajikuna mbele za watu. Kujikuna kwako kumenigharimu chimbo. Sasa nina heshima. Nionyeshe mahali pa kuigonga.”

Mama hakungoja jibu. Aligeuka akaendelea na safari, akipapasa ukingo wa njia kwa ncha ya kiatu, na hakutaka kushikwa mkono hadi nyumbani.

Jumatatu asubuhi king'ora kililia mara tatu kutoka kilimani. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa kama walivyodhani, ulikuwa mguno mzito uliopita chini ya miguu na kutikisa vyombo kabatini. Pilipili alikuwa mlangoni. Mama alikuwa uani mahali pake, na jiwe la mteja mapajani, akigonga. Hakuacha kugonga king'ora kilipolia, wala ardhi ilipotikisika. Baada ya muda upepo ulileta vumbi, jepesi, la kijivu, likatua juu ya bati, juu ya nguo za kamba, juu ya jiwe alilokuwa anagonga.

Hapo mama aliacha. Alilifuta vumbi kwa kiganja, akalisugua kati ya vidole viwili, kisha akalitia ulimini, kama anavyofanya kila mgonga mawe anapotaka kujua jiwe limetoka tabaka gani la mwamba. Alilisikiliza mdomoni. Pilipili alisogea karibu, akapiga magoti, akamwomba amwambie ni la wapi.

Mama alitema pembeni, akajifuta midomo.

“Wameanza na ule mwamba mzuri,” alisema.